Amani, shukrani na Neno kwa siku 30: Wakolosai 3:15–16 inatendwaje?

Kiongozi_Ushirika aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba una watu 14, tunakutana kila Alhamisi jioni. Tumekubaliana mwezi ujao tukae kwenye mistari miwili tu: "Na amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu, ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja, tena iweni watu wa shukrani. Neno la Kristo na likae kwa wingi ndani yenu katika hekima yote…" Amani, shukrani, Neno na hekima, vyote vimewekwa hapo kwa pamoja.

Mahubiri juu ya mambo haya tumesikia ya kutosha. Washirika wanauliza vitendo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi gari afanye nini, na asome kiasi gani? Wengi walianza mpango wa Biblia nzima kwa mwaka wakaishia Walawi. Pili, "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18): kati yetu yupo aliyefiwa juzi juzi, na sitaki aondoke Alhamisi akiwa ameongezewa mzigo. Tatu, usingizi ukikata saa nane usiku na hesabu za ada zikaanza kuzunguka kichwani, Neno linasaidiaje hapo? Nne, kuna anayependekeza tusome Mithali sura moja kila siku. Tufanye?

Naomba majibu yenye hatua, ili niyapeleke kama yalivyo.

Mzee_wa_Kanisa alijibu:

Asifiwe sana, ndugu kiongozi. Nianze na neno "iamue", maana ndilo linalorukwa. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo ni la mashindanoni, la yule anayetoa uamuzi nani ameshinda. Ni kazi ya refa. Sasa refa huyu anaamua kati ya nani na nani? Rudi nyuma mistari miwili, 3:13: "mkichukuliana, na kusameheana, mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake". Amani ya mistari hii inaanzia kwenye lawama za watu wa mwili mmoja, kabla haijafika kwenye utulivu wa mtu akiwa peke yake chumbani. Ushirika wenye wawili wasiosemezana unaweza kumaliza siku 30 za kusoma na kuimba, na bado mioyo ikabaki juu juu. Kwa Wafilipi ni vivyo hivyo: kabla ya kufika "msijisumbue kwa neno lolote" (4:6), Paulo aliwataja Euodia na Sintike kwa majina na kuwasihi wapatane (4:2).

Kwa hiyo juma la kwanza msikimbilie utaratibu wa kusoma. Kila mmoja ajiulize ana neno na nani, kisha amwendee, kama Mathayo 5:23–24. Aende faragha, nasisitiza. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliwafundisha wengi Afrika Mashariki "kutembea nuruni", na kilicho chema ndani yake ni mtu kuungama dhambi yake mwenyewe. Kinachoharibu ni sala ya hadharani ya namna hii: "Bwana, namsamehe dada fulani aliyenisengenya." Hayo ni mashtaka, hata kama yamefungwa na amina.

Sasa kiasi. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa siku 365 ni zaidi ya sura tatu kila siku bila kupumzika. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, hivyo aliyeanza Januari 1 anaingia Walawi mwisho wa Januari, shule zimefunguliwa na mfuko umekauka, naye anakutana na sheria za dhabihu bila mtu wa kumweleza. Akikosa siku nne anadaiwa sura 13. Deni hilo ndilo linalomfanya aache. Si kwamba hampendi Mungu.

Kwa mwezi huu mpeni kila mtu mistari 8 hadi 12 kwa siku, dakika 15. Asome kwa sauti mara mbili, taratibu, kama anamsomea mtu asiyejua kusoma. Mara ya tatu asimame pale neno linapomshika. Mstari huo mmoja auandike kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, atie mfukoni, aondoke nao.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye karatasi hiyo. Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake". Kinywani! Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "kutafakari" hapo, na katika Zaburi 1:2, ndilo hilo hilo la hua anayeomboleza katika Isaya 38:14 na la simba angurumaye juu ya mawindo katika Isaya 31:4. Ni sauti ya chini chini, inayorudiwa. Anayetafakari kwa Kibiblia midomo yake inatikisika. Kwa hiyo aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, anaweza kutafakari vizuri kuliko aliyekaa kwenye kiti akiwaza mambo makubwa kimya kimya. Arudie mstari wake, kila mara akiweka mkazo kwenye neno tofauti. "*Bwana* ndiye mchungaji wangu." "Bwana ndiye *mchungaji* wangu." "Bwana ndiye mchungaji *wangu*." Huu ni mstari mmoja, lakini kila mkazo unauliza swali lake.

Onyo moja: Biblia ya kwenye simu ni nzuri, ila ujumbe ukiingia katikati ya mstari wa nne umekwisha. Azime data kwanza, au achukue ya karatasi.

Katekista alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mzee ameeleza vizuri habari ya kinywa. Mimi niongeze ya Alhamisi na ya jioni.

Kwa Alhamisi, jumuiya ndogo ndogo nyingi hutumia Hatua Saba, njia iliyoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Mnasoma. Kisha hatua ya tatu, ambayo ndiyo moyo wake: kila mmoja anachagua neno au kifungu kifupi na kukitamka kwa sauti, kwa utulivu, mara tatu, akinyamaza kidogo kati ya mara na mara. Hakuna anayeeleza kwa nini amekichagua. Ya nne ni kimya cha pamoja. Ya tano kushirikishana, ya sita kuzungumza kazi ambayo Neno linawapa, ya saba kusali.

Inaharibika sehemu mbili. Kwanza ni kimya: kiongozi anaona sekunde 20 ni nyingi, anaanzisha pambio. Shika saa, dakika tatu kamili, na uwaambie mapema ni tatu ili wasikae wakisubiri. Pili ni hatua ya tano, ambapo mmoja mwenye kipaji anahubiri dakika kumi na wengine wanafunga midomo mpaka Alhamisi nyingine. Wekeni sharti kwamba kila mtu aseme kwa "mimi", dakika mbili, wala asisahihishwe. Mafundisho yana siku yake.

Jambo dogo lenye kusumbua: kama kikundi kina matoleo tofauti ya Biblia, namba za Zaburi zinaweza kupishana kwa moja, kwa sababu tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha Zaburi 9 na 10. Ndiyo maana mnaona 23 (22). Kiongozi ataje maneno ya kwanza ya zaburi pamoja na namba, watu wasipotee.

Jioni, kabla ya kulala, kuna uchunguzi wa siku aliotuachia Mtakatifu Ignasi wa Loyola katika karne ya 16. Una vipengele vitano, na cha kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Ndipo unaomba mwanga wa kujiona, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, na unaazimia la kesho. Dakika 10 zinatosha. Angalia mpangilio: shukrani imetangulia dhambi. Anayeanza na makosa yake huishia kujitazama yeye tu, akichoka analala na aibu. Anayeanza na mema aliyopewa anakutana na makosa yake akiwa tayari amemkumbuka Aliyempa.

Shukrani iwe na mtu, kitu na saa. "Asante kwa uzima na afya" ni kweli, lakini ukiisema kila siku hivyo hivyo ulimi unaendelea na moyo umelala. "Asante, mama wa nyumba ya pili alimchukua mtoto shuleni saa tisa mvua iliponyesha." Hiyo huwezi kuisema bila kuiona tena. Tatu kwa siku zinatosha. Ukilazimisha kumi, kuanzia ya sita watu wanabuni.

Muuguzi_Mshauri alijibu:

Shikamoo Mzee, na salamu kwa wote. Naomba nijibu la pili na la tatu, maana hayo yanaumiza watu.

1 Wathesalonike 5:18 kwa Kigiriki inasema "katika kila jambo", na tafsiri ya Biblia ya Habari Njema imeiweka "katika kila tukio". Tofauti ya "kwa" na "katika" hapa ni kubwa kwa mfiwa. Najua Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote", na sitaki kuukwepa mstari huo. Lakini tazameni Bwana mwenyewe kaburini pa Lazaro. Yohana 11:35, Yesu analia machozi. Yohana 11:41, mistari sita mbele, anainua macho: "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Machozi na shukrani viko katika tukio moja, na alichokishukuru ni kusikiwa na Baba. Hakushukuru kwa kifo cha rafiki yake, na wala hakuharakisha kufuta machozi ingawa alijua anakwenda kumfufua.

Kwa hiyo, ndugu kiongozi, Alhamisi hiyo usimwombe mfiwa atoe shukrani. Mpe Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" imo mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Mwache aandike yake kwa kufuata njia hiyo: "hata lini" zake nne, ombi lake moja, na tumaini kama lipo. Kama leo halipo, aishie kwenye ombi. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa na bado ni sala, imo kwenye Maandiko. Maneno ya kuyaepuka mbele yake ni "Mungu alimpenda zaidi" na "angalau umebaki na watoto". Hilo "angalau" linamnyang'anya ruhusa ya kulia.

Sasa saa nane usiku. Wafilipi 4:6 imetaja kusali, kuomba na kushukuru pamoja, kisha "haja zenu na zijulikane". Haja ijulikane, maana yake itajwe waziwazi. Hofu inayozunguka kichwani haina umbo, ndiyo maana haiishi. Fanya hivi: toka kitandani. Ukibaki umelala huku unapigana na mawazo, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kupigania. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, daftari na kalamu viwe vimewekwa hapo tangu jioni, simu iwe mbali. Chora mistari miwili upate safu tatu.

Safu ya kwanza, haja, kwa kiasi na tarehe: "Ada ya Neema 350,000. Shule inafunguliwa tarehe 8. Nina 120,000." Safu ya pili, shukrani inayohusu jambo hilo hilo: "Muhula uliopita ilipungua, mhasibu akakubali tulipe kwa awamu mbili." Safu ya tatu, tendo moja la kesho: "Saa nne, nimpigie mhasibu." Haja zisizidi tano. Kama jambo halina tendo lolote kesho, andika "la Bwana" na upige mstari chini.

Shukrani ya safu ya pili isiwe ya jambo jingine. Ukiandika ada upande huu na "asante kwa jua" upande ule, moyo unajua umedanganywa. Inapohusu ada hiyo hiyo, unakumbuka jinsi ulivyovushwa mahali hapo hapo, na neno la mstari wa 7, "itawahifadhi", linapata nguvu. Hilo kwa Kigiriki ni neno la askari walinzi langoni.

Kisha funga daftari, rudi kitandani na Zaburi 4:8: "Katika amani nitajilaza", ukivuta pumzi polepole, "na kusinzia usingizi mara", ukiitoa. Mara kumi, bila haraka. Si dawa ya kulazimisha usingizi. Usiwe unajipima kila dakika kama umekuja.

Na hili naomba ulisome Alhamisi neno kwa neno. Mtu ambaye kwa majuma mawili au zaidi hali, halali, hana hamu ya chochote, au anawaza kufa, hiyo yaweza kuwa sonona na anahitaji hospitali. Anayewaza kufa apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Eliya aliomba afe (1 Wafalme 19:4). Kabla ya kuulizwa neno lolote kule Horebu alilala, akaguswa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala tena. Anayeambiwa "ongeza imani" badala ya kupelekwa kutibiwa anacheleweshwa.

Mwanakwaya_Besi alijibu:

Kitu kimoja tu, mstari wa 16 haujaishia kwenye hekima: "kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni". Neno linakaa kwa wingi likiwa na sauti yake. Chukueni Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "Kwa maana fadhili zake ni za milele". Kiongozi anatanguliza, wote wanaitikia, kama mnavyoimba siku zote. Juma la mwisho tungeni yenu: kila mshirika alete mistari miwili kutoka kwenye shukrani alizoandika mwezi mzima, wote waitikie kwa kiitikio hicho. Mistari iwe mifupi, maneno manane hivi. Ukiruhusu sentensi ndefu mwitikio unakufa, watu hawajui waingie wapi. Watu 14 mara mistari miwili ni 28, mmekaribia kabisa urefu wa zaburi yenyewe.

Kiongozi_Ushirika aliandika:

Mungu awabariki. Dada, hayo ya sonona nitayasoma kama yalivyo. Limebaki la Mithali. Na je, kwa wanaotaka kusoma Zaburi zote ndani ya mwezi, wagawe vipi?

Mzee_wa_Kanisa alijibu:

Marahaba, dada. Umenisaidia hata mimi hapo kwenye Yohana 11.

Mithali ina sura 31, kwa hiyo kusoma kwa tarehe ni rahisi: tarehe 14, sura ya 14. Lakini kuanzia sura ya 10 mithali nyingi zinasimama moja moja, na sura nzima inapita kama mvua juu ya bati. Asome sura, achague moja tu, na aiambatanishe na jambo moja la siku hiyo. Tarehe 14 akishika 14:30, "bali husuda ni ubovu wa mifupa", siku nzima aangalie ni saa ngapi husuda imemgusa: alipoona kiwanja cha mwenzake, au picha za harusi kwenye simu. Husuda na shukrani havikai chumba kimoja, na Mithali hii inakuonyesha mlango ilikoingilia.

Kosa kubwa ni kusoma kila mithali kama ahadi. "Mlee mtoto katika njia impasayo" (22:6) ni kanuni ya jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida. Wapo wazazi waliolea vizuri na mtoto akapotea, na mstari huu ukigeuzwa mkataba unawaponda. Dawa ya kosa hilo imo ndani ya kitabu chenyewe. 26:4 inasema "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake". 26:5 inasema "Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake". Zimewekwa jirani makusudi. Hekima ni kujua leo, kwa mtu huyu, kwenye kundi hili la WhatsApp, unashika ipi. Mpe kila mshirika mistari hiyo miwili juma la tatu, aje Alhamisi aeleze wapi alinyamaza na wapi alijibu, bila kutaja majina.

Zaburi 150 kwa siku 30 ni tano kwa siku. Chukua tarehe, ongeza 30 mara nne. Tarehe 7: zaburi ya 7, 37, 67, 97, 127. Faida yake ni kwamba malalamiko na sifa vinachanganyika kila siku, huchagui unachopenda. Tatizo ni tarehe 29: inaleta ya 89 yenye mistari 52 na ya 119 yenye mistari 176 siku moja. Iondoe hiyo ya 119. Ina mafungu 22 ya mistari minane minane, soma fungu moja kila siku tarehe 1 hadi 22 na utaimaliza kwa utulivu. Asiyeweza tano achague moja kati ya tano za siku hiyo.

Akikosa siku mbili asizirudie. Afungue zaburi ya tarehe ya leo, aendelee kuanzia hapo. Zile alizoruka atakutana nazo mwezi unaofuata, tarehe zile zile.